Mgeni Hakagui Sahani

Ndugu msomaji, katika kambi zetu na katika vituo vya polisi kuna jambo moja lisilongoja amri wala ratiba, nalo ni ujio wa mgeni. Mkwe hufika bila kutoa taarifa. Mjomba hushuka katika basi na kuku wake mkononi. Rafiki mliyehitimu naye mafunzo, ambaye hamkuonana tangu mlipotawanywa kila mmoja na kikosi chake, hubisha hodi jioni wakati sufuria ya mwisho imekwisha kuoshwa. Mwenyeji husema "Karibu," na papo hapo moyo wake huanza kuhesabu kilichobaki nyumbani.

Wengi wetu tumezoea kuiondoa shida hiyo kwa njia ya kantini. Mtoto hutumwa mbio kuchukua soda na bia kwa mkopo, jina la baba huandikwa katika daftari, na mwisho wa mwezi mshahara hufika ukiwa umekwisha kunywewa na wageni ambao wenyewe walikwisha rudi makwao. Hatusemi kwamba soda ni kosa, wala hatuna nia ya kumharibia biashara mwenye kantini. Tunalotaka kulieleza leo ni kwamba ipo njia nyingine, ya zamani na yenye heshima, iliyo ndani ya uwezo wa koplo na wa kanali sawasawa: sahani ya karanga zilizokaangwa nyumbani, zikatiwa chumvi, au pilipili na ndimu, au asali na tangawizi, zikawekwa mbele ya mgeni zikiwa bado na harufu ya moto.

Hata hivyo, kabla ya kueleza namna ya kuzikaanga, hatuna budi kwanza kukiri kosa letu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha kazi hii.

Mwaka 2017 tulimpokea nyumbani kwetu mzee mmoja kutoka Teso, baba wa askari mwenzetu aliyekuwa Somalia pamoja na majeshi ya kulinda amani. Kwa muda wa wiki sita mzee hakuwa amesikia sauti ya mwanawe, naye akaamua kufunga safari mwenyewe hadi kambini ili apate kuuliza. Siku ile ilikuwa Jumapili. Kwa kuwa kazi yetu ni kupokea wananchi wenye maswali, tulimkaribisha nyumbani huku maulizo yakiendelea kwa simu. Karanga tulikuwa nazo. Tulikuwa tumezinunua kwa bei ya chini, zile zilizobaki chini ya gunia, tukazikaanga usiku kwa mwanga hafifu bila kuzichambua. Mzee alichota chache, akatafuna, na uso wake ukakunjamana kidogo. Mara moja tulitambua kwamba amekutana na karanga chungu. Hakuitema. Alitutazama, akatabasamu, akaimeza, kisha akanyosha mkono akachukua nyingine.

Habari zilipokuja zilikuwa njema. Mwanawe alikuwa mzima. Kikosi chake kilikuwa kimehamishiwa mahali ambapo simu hazikupatikana. Mzee alishukuru, akaaga, akaenda zake. Lakini sisi tulibaki na karanga ile. Mtu aliyekuja na hofu ya mtoto wake alilazimika, kwa ajili ya adabu tu, kumeza uchungu tuliomwandalia kwa mikono yetu.

Tangu siku hiyo tumeshika neno moja: mgeni hakagui sahani. Askari hukagua bunduki yake kabla ya lindo, dereva hukagua gari, polisi hukagua mzigo barabarani. Lakini mtu huyohuyo akiisha kuvuka kizingiti cha nyumba ya mwenzake huweka ukaguzi wote chini. Adabu haimruhusu kugeuzageuza chakula wala kukinusa. Amejikabidhi. Basi ukaguzi wote ni wajibu wa mwenyeji, tena hauna msaidizi.

ZAO LILILOTOKA MBALI

Karanga, ambazo wengine huziita njugu nyasa, si mmea wa asili wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioileta mbegu hiyo katika bara letu katika karne ya 16. Zile zilizo za asili ya Afrika ni njugu mawe, ambazo ni ngumu na za mviringo, na kwa kawaida huchemshwa. Lakini karanga ilipofika ilijifanya mwenyeji upesi. Hapa Uganda mikoa ya Teso, Lango, Acholi na Busoga huilima kwa wingi, na kutoka katika kituo cha utafiti cha Serere zimetolewa mbegu bora ziitwazo Serenut ambazo wakulima wengi wanazifahamu.

Katika nchi jirani ya Tanzania karanga imewahi hata kuwakusanya askari. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha huko Kongwa mpango mkubwa wa kulima karanga ili kupunguza upungufu wa mafuta ya kula uliokuwako Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili. Miongoni mwa walioajiriwa walikuwamo askari wengi waliokuwa wametoka vitani, hata watu wakawaita Jeshi la Karanga, na baadhi ya vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Fedha zilizoteketea zilikadiriwa kuwa pauni milioni 36, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mvua zilikuwa chache, udongo wa mfinyanzi uligeuka kuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na wakubwa wa mpango walikuwa na haraka mno ya kuanza kabla ya kuichunguza ardhi. Miaka kadhaa baadaye, tangu 1964, Kongwa hiyohiyo ikawa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu moja tu. Karanga haikubali haraka, iwe shambani au jikoni. Yule mwenye sigiri moja na sufuria moja akifuata taratibu atafaulu mahali ambapo mamilioni ya pauni yalishindwa.

KUCHAGUA NA KUCHAMBUA

Maua ya karanga huchanua juu ya ardhi, yana rangi ya njano, na baada ya kuchanua kikonyo huinama, kikaingia udongoni, na ganda likakua humo gizani. Kwa hiyo karanga huishi pamoja na kuvu waliomo katika udongo. Ukame ukizidi wakati zinapokomaa, jembe likizijeruhi wakati wa kuvuna, zikianikwa juu ya ardhi tupu na kunyeshewa, au maganda yakinyunyiziwa maji ili yapasuke kwa urahisi, kuvu huingia ndani ya punje na kutoa sumu ambayo wataalamu wa Kiswahili huiita sumukuvu.

Sumu hiyo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza baada ya mwaka 1960, wakati zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa nchini Uingereza. Uchunguzi ulionyesha kuwa walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Hapa kwetu wachunguzi walikusanya sampuli 480 za vyakula katika miaka ya 1966 na 1967, na matokeo yao yaliyotangazwa mwaka 1971 yalionyesha kwamba karibu sampuli tatu katika kila kumi zilikuwa na sumu hiyo. Mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Mtu anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi haanguki siku hiyohiyo. Sumu humwandama katika ini, nayo ni miongoni mwa vyanzo vinavyojulikana vya saratani ya kiungo hicho.

Sasa, ndugu msomaji, liangalie jambo hili kwa makini: moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Kukaanga huipunguza kwa sehemu tu. Tena chumvi, pilipili na asali humsaidia adui, kwa kuwa huficha uchungu ambao ungemwonya mlaji. Karanga mbovu iliyotiwa viungo ni kama mhalifu aliyevalishwa sare: hupita mbele ya mlinzi bila kuulizwa. Kwa sababu hiyo kazi ya viungo haina budi kutanguliwa na kazi ya ungo.

Nunua karanga mchana, mahali penye mwanga. Mwombe mwenye duka aingize mkono chini ya gunia na kutoa za chini, wala usiridhike na zile zilizopangwa juu kwa ajili ya macho. Shika konzi moja na uinuse. Harufu ya udongo mbichi au ya nguo iliyofungiwa ndani ni dalili ya kutosha ya kuziacha. Zikifika nyumbani zimimine katika ungo mweupe au juu ya shuka safi karibu na dirisha. Ondoa kila iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, iliyoota ukungu wa kijani, kijivu au mweusi, na iliyobadilika rangi kuliko wenzake. Usimwonee huruma hata moja. Zilizoondolewa zisilishwe kuku, maana sumu ile huwadhuru na wao pia. Zichomwe au zifukiwe.

Kazi hii kwa nusu kilo huchukua muda wa robo saa. Hufaa sana kufanywa na watu wawili au watatu wakizungumza, na baba wa nyumba hapaswi kuona aibu kukaa mbele ya ungo. Mtu asiyeona aibu kupiga pasi gwanda lake mwenyewe ataonaje aibu kuchambua chakula cha mgeni wake?

KUKAANGA

Tuchukue mfano wa nusu kilo ya karanga zilizobanguliwa. Anayetaka chumvi iingie hadi ndani, badala ya kukaa juu ya ngozi na kudondoka katika sahani, aanze kwa kuziloweka. Yeyusha vijiko viwili vya mezani vya chumvi katika vikombe viwili vya maji ya moto, mimina karanga humo, ziache kwa nusu saa, kisha zichuje. Zitandaze juani juu ya kitambaa safi kwa saa moja au zaidi, mpaka ngozi zikauke kabisa. Usiziache mbichi usiku kucha, maana unyevu ndio mlango wa kuvu tuliokwisha kumfukuza.

Washa makaa katika sigiri na uyaache mpaka miali iishe na kubaki wekundu uliofunikwa na majivu mepesi. Teka sufuria pana au karai zito, tia karanga, na uanze kukoroga kwa mwiko wa mti. Usiuache mwiko. Katika dakika tano za kwanza utaona kana kwamba hakuna linalotendeka. Ni maji yanayotoka. Hapo ndipo wengi huongeza moto, na matokeo yake ni karanga nyeusi nje, mbichi ndani. Vumilia. Baada ya dakika kumi hivi utaanza kusikia mlio mdogo wa kupasuka, na harufu itabadilika kutoka ya maharage mabichi kuwa ile inayowaita watoto kutoka nje. Kwa moto wa polepole kazi nzima huchukua dakika 20 hadi 25.

Namna ya kujua kwamba zimeiva ni hii: toa moja, iache ipoe kidogo, menya ngozi yake na uipasue katikati. Ikiwa ndani ina rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, epua mara moja, hata kama unaona zingeweza kuendelea. Karanga ina mafuta kiasi cha nusu ya uzito wake, na mafuta hayo hushika joto. Huendelea kuiva hata zikiwa zimetolewa jikoni. Usiziache ndani ya sufuria ya moto. Zitandaze katika ungo au sinia pana. Wala usishangae zikiwa laini mdomoni wakati zingali moto, kwa maana ukavu ule wa kutafunika kwa mlio huja zikiisha kupoa.

Wapo wanaokaanga kwa mchanga, kama wafanyavyo wauzaji wengi wa barabarani. Njia hiyo ni nzuri, kwa sababu mchanga huizunguka kila punje na kuipa joto sawa pande zote. Mchanga uwe mwembamba, uoshwe mara nyingi mpaka maji yawe meupe, ukaushwe na kuchekechwa, kisha upashwe moto kabla ya kutia karanga. Zikiiva hutenganishwa kwa chekeche. Chumvi ya mawe yaweza kufanya kazi hiyohiyo bila hatari ya kumsagia mgeni mchanga menoni, na chumvi hiyo huhifadhiwa katika kopo kwa safari nyingine.

KUTIA LADHA

Hapa ndipo kila nyumba hupata nafasi ya kujulikana kwa mkono wake. Tunazieleza ladha tano tulizozijaribu mara nyingi, kila moja kwa nusu kilo.

Ya kwanza ni pilipili na ndimu. Kamua ndimu mbili, changanya maji yake na kijiko kimoja kidogo cha chumvi iliyosagwa na nusu kijiko kidogo cha pilipili ya unga. Zinyunyizie karanga zilizokwisha iva zingali moto, zigeuze upesi, kisha zirudishe jikoni juu ya makaa hafifu kwa dakika tatu au nne mpaka zikauke. Chumvi isagwe kwenye kinu iwe kama unga, kwani chembe kubwa hazishiki. Kwa karanga zilizolowekwa katika maji ya chumvi, usiongeze nyingine.

Ya pili ni kitunguu saumu. Kosa la kawaida ni kukikaanga pamoja na karanga tangu mwanzo, nacho huungua na kuwa kichungu muda mrefu kabla ya karanga kuiva. Ponda punje nne, ziweke katika kijiko kimoja cha mezani cha mafuta juu ya moto mdogo mpaka zigeuke rangi ya dhahabu, kisha zitoe. Harufu yote imebaki katika mafuta. Mimina mafuta hayo juu ya karanga zilizoiva, tia chumvi laini, geuza.

Ya tatu ni bizari, ladha ya pwani. Pasha kijiko kimoja cha mafuta, tia kijiko kidogo cha bizari, ihesabie hadi kumi tu, kisha tia karanga zilizoiva na chumvi. Bizari isiyoonja mafuta ya moto hubaki na ladha ya unga mbichi.

Ya nne ni asali na tangawizi. Pasha vijiko viwili vya mezani vya asali pamoja na kijiko kidogo cha tangawizi ya unga na chumvi kidogo sana. Asali ikiisha kuwa nyepesi kama maji, tia karanga zilizoiva na ugeuze kwa dakika tatu. Zitandaze katika sinia lililopakwa mafuta na uzitenganishe kwa uma kabla hazijashikana. Asali hutiwa mwisho daima, kwa sababu utamu wowote huungua upesi.

Ya tano ni sukari, nayo huanza na karanga mbichi. Tia vikombe viwili vya karanga, kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji katika sufuria nzito. Chemsha huku ukikoroga. Maji yatakauka, na ghafula sukari itageuka kuwa kama mchanga mkavu. Usikate tamaa, wala usidhani umekosea. Endelea kukoroga kwa moto mdogo. Mchanga ule utaanza kuyeyuka tena na kuzivisha karanga koti la rangi ya kahawia linalong'aa. Zimwage katika sinia lililopakwa mafuta. Watoto wakae mbali, kwa sababu sukari iliyoyeyuka hushika ngozi na kuunguza kuliko maji yanayochemka.

Watu wa Teso, Lango na Acholi wataongeza hapo ufuta, na wana haki. Ufuta ukaangwe peke yake, maana ni mdogo na huungua katika muda wa kufumba na kufumbua, kisha uchanganywe na karanga na chumvi. Anayepata korosho azinunue zilizokwisha banguliwa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake ni mbaya kwa macho na kifua. Kuzichoma na maganda yake ndani ya kota za askari ni kuwaadhibu majirani wasio na kosa.

KUHIFADHI NA KUANDAA

Karanga zilizokaangwa zisifungiwe zikiwa na joto, kwani jasho lake huzilegeza. Zikipoa kabisa zitiwe katika chupa kavu au kopo lenye kifuniko kinachobana, na kuwekwa mahali pasipo na jua. Zenye chumvi zitakaa vizuri kwa wiki mbili. Zikianza kutoa harufu kama ya rangi ya mbao, mafuta yake yamechacha. Hizo si za mgeni wala za mwenye nyumba.

Jambo jingine linatuhusu sisi wa majeshi na polisi kwa namna ya pekee. Wengi wanaouza karanga huzifunga katika karatasi kuukuu, na mara nyingine karatasi hizo hutoka maofisini. Si mara moja tumekunjua kifurushi cha karanga tukakuta majina ya watu na namba zao za kazi. Karatasi ya ofisi ina mahali pake pa kuteketezwa, napo si mkononi mwa muuza karanga. Tena wino wake si kiungo. Wake zetu na ndugu zetu wanaojipatia riziki kwa biashara hii, ambayo ni biashara halali na ya kusifiwa, watumie mifuko safi.

Mgeni akifika, mpe kwanza maji ya kunawa. Weka karanga katika visahani vidogo, kila mtu na chake, au weka bakuli moja lenye kijiko, ili mikono mingi isiingie mahali pamoja. Karanga za chumvi huita kinywaji. Chai ya tangawizi au maji baridi yaliyochemshwa yatatosha. Kabla ya kuweka sahani uliza kwa upole kama yuko ambaye karanga humdhuru. Wapo watu ambao miili yao huzikataa kabisa, wakavimba midomo na kubanwa pumzi, nao waweza kufa kwa punje moja. Kuuliza hakupunguzi ukarimu. Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, kwa kuwa huweza kuwapalia na kuziba koo, zao zitwangwe. Mzee asiye na meno naye atwangiwe, zichanganywe na chumvi kidogo au asali, apewe na kijiko. Mwenye shinikizo la damu atengewe zisizo na chumvi, na mwenye kisukari zisizo na sukari. Haya yote huchukua muda mfupi kuliko mtoto kwenda kantini na kurudi.

Wahenga walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tulipokuwa vijana tulidhani maana yake ni kwamba mgeni huleta zawadi. Siku hizi twaona maana nyingine. Mgeni huponya nyumba kwa sababu humlazimisha mwenyeji kuyaangalia tena mambo aliyoyazoea: sakafu, vikombe, na punje zilizo chini ya gunia. Nyumba inayochambua karanga kwa ajili ya mgeni hatimaye huwachambulia na watoto wake.

Tumalizie habari ya mzee wetu wa Teso. Miezi michache baadaye mwanawe alirudi salama kutoka Somalia, akapewa likizo, akaenda nyumbani. Aliporejea kambini alipita kwetu na mfuko mdogo wa kitambaa, umefungwa kwa kamba ya katani, akasema baba yake ametuma. Zilikuwa karanga nyekundu za msimu mpya. Jioni ile tulikaa dirishani na ungo, kama ilivyokuwa desturi yetu tangu kosa lile, tukazimimina na kuanza kuchambua. Tulichambua mpaka mwisho wa mfuko. Hatukuona iliyosinyaa, wala iliyovunjika, wala yenye doa. Mzee alikuwa amekwisha kuipitia kila punje kabla yetu.

Tulizikaanga kwa chumvi tu, tukamwita kijana akae nasi.